Gari inakula maji ya rejeta na huoni yanakovujia: maswali tunayoulizwa gereji kila siku

Nimekaa gereji miaka mingi na hii kesi haiishi. Mtu anakuja na IST yake au Harrier anasema fundi, kila wiki naongeza nusu lita ila chini hakuna hata tone, na kabla hajamaliza sentensi kuna mtu pembeni ashadakia "hedi gasketi hiyo, shusha hedi". Hedi ni kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, na gasketi ni bamba jembamba linaloziba kati yake na bloku. Haya ni majibu ninayowapa watu, nimeyaandika ili nisiyarudie kila siku na ili wewe usishushe hedi kabla hujajua maji yanaenda wapi. Hedi ikishushwa na mtu anayebahatisha inarudi na magonjwa ambayo haikuondoka nayo.

Gari kupunguza maji si kawaida tu?

Kidogo sana ndio. Mfumo wa maji ya rejeta umefungwa, sio kama tenki la kuogea, kwaiyo chupa ya akiba, ile ya plastiki yenye mpira unaotoka kwenye rejeta, ikishuka kama upana wa kidole kwa mwaka mzima hiyo wala usiikosee usingizi. Ila ukiona unaongeza kwa mara ya pili ndani ya miezi miwili mitatu, jua kuna mlango umefunguka mahali. Na usidharau nusu lita, gari ndogo kama Vitz au IST mfumo mzima unabeba kama lita tano hivi, ukipoteza lita moja ushapoteza moja ya tano ya kinachopooza injini yako.

Nitajuaje yanapungua kweli na sio macho yangu?

Pima. Hapa ndipo watu wengi wanakwama, wanakuja na maneno "yanapungua sana", ukiuliza hiyo "sana" ni kiasi gani, kimya. Chukua maka peni, asubuhi kabla hujawasha gari, ikiwa imepaki sehemu tambarare, chora mstari kwenye chupa ya akiba pale maji yalipo. Kesho yake na kesho kutwa angalia muda uleule sehemu ileile. Usilinganishe jioni na asubuhi maana kulanti, yani hayo maji ya rejeta yenye dawa, ikipata moto inatanuka inapanda, ikipoa inashuka, utajitia presha bure. Kila ukiongeza ongeza kwa kitu chenye kipimo, hata chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, na uandike kwenye simu kilometa za siku hiyo.

Alafu fungua na mfuniko wa rejeta yenyewe, gari ikiwa BARIDI kabisa, narudia baridi, ile ya kuacha kidogo ipoe haihesabiki. Maji yawe yamefika shingoni. Nimeona gari nyingi chupa ya akiba imejaa vizuri mwenye gari ametulia zake kumbe rejeta ndani imeshuka, chupa inapokea maji lakini hairudishi.

Fanya hivo wiki mbili. Utaanza kuona tabia, kwamba maji yanapungua ukienda safari ndefu tu, au yanapungua hata gari ikilala tu nyumbani, au yanapungua ukipanda milima. Mteja akija na hayo kwenye simu yake mimi nusu ya kazi anakuwa ameshanimalizia.

Chini hakuna tone hata moja, sasa yanaenda wapi?

Hili ndio swali lenyewe. Kutoona tone chini haimaanishi hakuna kuvuja. Injini ikiwa ya moto na kuna presha ndani, maji yanatoka kama jasho jembamba, yanadondokea kwenye chuma cha moto yanakauka hapohapo, hayafiki chini. Mengine yanadondokea kwenye ile ngao ya plastiki chini ya injini yanakaa humo mpaka yakauke. Kinachobaki ni alama, maana maji yanakauka ila rangi ya kulanti na chumvi haikauki ikaondoka, inabaki ukoko mweupe au wa pinki au kijani kutegemea ulichoweka. Kwaiyo usitafute maji, tafuta ukoko. Chukua tochi nzuri, gari ikiwa baridi, toa ile ngao ya chini kama unaweza.

Anza na rejeta. Za siku hizi katikati ni aluminiamu na juu na chini ni plastiki, vimebanwa pamoja na kingo za bati, na plastiki ikishazeeka inapata ufa mwembamba kama unywele pale kwenye kiungo. Ufa ule gari ikiwa imepoa umefunga, ikipata moto unafunguka. Pitisha kidole chini ya kiungo chote. Kisha mipira ya maji, miwili mikubwa kila mtu anaijua ila midogo ndio inasahaulika, inayoenda kwenye hita pale ukutani nyuma ya injini, na ile myembamba inayopita kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), ambayo inakuwa imejificha chini ya kila kitu. Angalia na klipu. Kuna klipu zinavuja asubuhi tu wakati wa baridi kwasababu mpira umesinyaa, injini ikipata moto mpira unatanuka panaziba penyewe, ndio maana ukimpelekea fundi mchana haoni kitu na anakuona unasumbua.

Wota pampu nayo ina katundu kadogo kwa chini ambako kiwandani wamekaacha makusudi. Sili ya ndani ikianza kuchoka maji yanatokea hapo ili yasiingie kwenye beringi. Ukiona mstari wa ukoko unaoanzia kwenye pampu kushuka chini, pampu imeanza kuaga, na usijaribu kuziba hako katundu kwa silikoni, nimekutana nazo zimezibwa, beringi ikafa ikaondoka na mkanda.

Kama kote huko ni kukavu ndio tunaanza kufikiria njia za ndani, yani hita, giaboksi au kwenye silinda.

Naona maji yanadondoka chini upande wa abiria, ndio yenyewe?

AC ilikuwa inawaka? Basi ni maji ya AC, kwa joto la Dar yanamwagika mengi tu. Gusa, kama hayana rangi, hayatelezi na hayana harufu, endelea na safari zako.

Mfuniko wa rejeta tu unaweza kuleta yote haya?

Unaweza, na ndio kitu cha kwanza ninachokibadilisha kabla sijafungua bolti hata moja maana ni moja ya spea rahisi kabisa kwenye gari.

Ule mfuniko watu wanauona kama kizibo cha soda ila ni vali mbili ndani ya kitu kimoja. Ya kwanza inashikilia presha, juu yake pameandikwa namba, Toyota nyingi utakuta 0.9 au 1.1, hesabu kama bar hivi. Presha ya 0.9 maana yake maji matupu yanachemka kwenye karibu nyuzi 119 badala ya 100. Springi ikichoka au mpira ukipasuka presha haikai, maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa, mengine yanamwagika njiani wakati wewe uko spidi 80 na huna habari. Ukifika nyumbani kukavu. Na ukiishi juu ni mbaya zaidi, Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuria kule yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwaiyo mfuniko mbovu ambao Dar ulikuwa unavumilika kule unakuumbua.

Vali ya pili ni ile ndogo ya katikati, kazi yake ni kurudisha maji kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Ikiganda, maji hayarudi. Dalili yake ni mpira wa juu wa rejeta kukuta umebonyea kama umenyonywa asubuhi.

Kuna Spacio iliwahi kuja kwetu imetoka gereji nyingine, mwenye gari alishaambiwa anunue gasketi na hedi ikaskimiwe, yani ikasawazishwe uso kwa mashine. Nilifungua mfuniko nikakuta ule mpira mwekundu wa ndani umekatika robo nzima. Tukaweka mfuniko mpya wa namba ileile, akachora mstari wake kwenye chupa akaondoka, alirudi baada ya mwezi kwa ajili ya breki, mstari na maji viko palepale. Sisemi kila gari ni mfuniko, nasema angalia kwanza.

Na usibadilishe namba kwa ujanja. Mtu ana 0.9 anaambiwa weka 1.1 itashikilia vizuri. Itashikilia kweli, mpaka ile sehemu dhaifu ya rejeta ipasuke.

Dalili za kweli za hedi gasketi ni zipi?

Watu wanasubiri oili iwe kama chai ya maziwa ndio waamini. Gasketi inaweza kuungua kwa njia tatu na kila moja ina dalili zake. Inaweza kufungua njia ya maji kwenda nje, hapo utaona ukoko pembeni pale hedi inapokutana na bloku. Inaweza kufungua kati ya maji na oili, hapo ndio unapata hiyo chai. Au inafungua kati ya maji na chumba cha kuchomea mafuta, na hii ndio ile ya "maji yanapotea hayaonekani", oili inakuwa safi kabisa, chini kukavu kabisa.

Kwa hiyo ya tatu nasikiliza asubuhi. Gari imelala, unaiwasha, sekunde kumi ishirini za mwanzo inamisi inatetemeka kama haina plagi moja, kisha inakaa sawa kama hakuna kilichotokea. Mara nyingi hapo maji yamechuruzika usiku yakaingia kwenye silinda moja, ukiwasha yanachomwa yanatoka. Jaribio jingine halihitaji chombo chochote: gari ikiwa imelala, hakikisha rejeta imejaa na mfuniko umefungwa, washa, shika ule mpira mkubwa wa juu, ila mikono mbali na feni. Ndani ya dakika moja ya kwanza maji hayajapata moto wa kuleta presha, kwaiyo mpira unatakiwa uwe laini. Ukikuta umekuwa mgumu kama tairi, hiyo presha inatoka kwenye silinda.

Vile vile fungua plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Tatu zina rangi ya kahawia ya kawaida na moja imekuwa nyeupe safi kama imeoshwa? Imeoshwa kweli, na mvuke. Fundi mwenye ile kamera nyembamba anaweza kuipitisha kwenye tundu la plagi akaona hata uso wa pistoni umeng'aa.

Wengine wanafungua mfuniko wanawasha wanaangalia mapovu. Ni jaribio zuri ila linadanganya sana, mfumo ambao haujatolewa hewa vizuri nao unatoa mapovu. Mapovu ya kuogopa ni yale yasiyoisha hata themostati (ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto) ikishafunguka na hewa ikishatoka, na ukipiga resi yanaongezeka. Na kama maji yanaruka juu kwenye shingo kila ukikanyaga mafuta, zima gari hapohapo.

Usiendelee kuendesha miezi na miezi ukijipa moyo kwamba unaongeza tu. Maji yakijaa ya kutosha kwenye silinda usiku, asubuhi ukipiga stata pistoni inakutana na kitu kisichobanika, konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, inapinda, na hapo hatuongelei tena gasketi.

Nimekuta utando wa maziwa chini ya mfuniko wa oili, nimekwisha?

Subiri kwanza. Kama safari zako ni za kutoka nyumbani mpaka dukani na kurudi, injini haipati moto wa kutosha, unyevu unaganda pale juu unachanganyika na mvuke wa oili unakuwa utando wa njano nyeupe. Huko Njombe na Makete wakati wa baridi ni kawaida sana. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kama oili yake ni safi na haijapanda kiwango, endesha safari ya saa moja kisha futa uangalie tena. Kama kijiti chenyewe kina maziwa au oili imeongezeka bila wewe kuongeza, usiwashe tena, ivutwe.

Ila kama mafuta yanaelea upande wa rejeta na oili ya injini ni safi, kwenye gari yenye kipoza oili angalia hicho kipoza kabla ya hedi. Injini ikiwa inazunguka oili ina presha kubwa kuliko maji, kwaiyo oili ndio inayovamia.

Moshi mweupe je?

Asubuhi ya baridi kila gari inatoa mvuke mweupe na matone kwenye ekzosti, unaisha ukishatembea kidogo. Moshi wa tatizo hauishi, ni mzito, unaning'inia nyuma ya gari na una harufu ya utamu utamu hivi.

Kuna vipimo vya maana gereji au ni kubahatisha tu?

Vipo, na ukimkuta fundi hana hata kimoja na anataka kushusha hedi, mshukuru uondoke.

Cha kwanza ni pampu ya kupima presha, inafungwa pale kwenye shingo badala ya mfuniko, unapampu kwa mkono mpaka kufikia ile namba ya mfuniko na sio zaidi, unaacha robo saa unaangalia mshale. Ukishuka, maji yanatoka mahali na sasa injini imezimwa haina moto wa kukausha, kwaiyo unaona tone likitoka. Mimi napenda kufanya mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa na joto, kwasababu ya zile nyufa zinazofunguka kwa moto. Mshale ukishuka na nje kote ni kukavu, natoa plagi, naacha na presha usiku mzima, asubuhi napiga stata nikiwa nimesimama pembeni. Tundu litakalorusha maji ndio silinda yenye mgonjwa.

Cha pili ni ile dawa ya buluu. Ni kichupa kinakaa juu ya shingo ya rejeta kinavuta hewa iliyo juu ya maji, dawa ikikutana na gesi ya kuchoma mafuta inageuka njano. Kwa petroli naiamini kuliko macho yangu. Angalizo moja, punguza maji kidogo kwanza ili yasiingie kwenye dawa, maana kulanti ikiingia humo kipimo kimeharibika. Na isipogeuka siku ya kwanza usitangaze ushindi, kama ufa ni mdogo rudia baada ya kuipiga safari ya kuichosha.

Cha tatu ni rangi inayowekwa kwenye maji, unaendesha siku mbili tatu, kisha unamulika na tochi ya mwanga wa zambarau gizani. Panapovuja panawaka kijani kama kimulimuli. Kwa vile vivujo vya kwenye kona ambako kichwa hakifiki, hakuna kinachoshinda hii.

Kuna gari zina ugonjwa huu kwa asili?

Zipo, na kujua kunaokoa muda.

Harrier, Alphard, Ipsum na RAV4 za 2.4, injini ya 2AZ-FE, hasa za miaka ya 2002 mpaka 2006. Ile bloku ni ya aluminiamu na nyuzi zinazoshika bolti za hedi kwa upande wa nyuma huwa zinakatika, bolti inabaki imesimama tu haishiki. Hedi inanyanyuka kidogo sana ikiwa na moto, maji yanatoka nyuma kule kwenye ukuta juu ya ekzosti, yanakauka. Mwenye gari anasikia harufu ya kulanti ikiungua akipaki, haoni tone. Mulika nyuma ya injini kwa kioo kidogo utaona ukoko wa pinki. Hapa ukiweka gasketi mpya ukafunga bolti kwenye nyuzi zilezile zilizokufa umefanya bure, lazima zile nyuzi zitobolewe ziwekewe vikombe vipya vya chuma. Toyota wenyewe baadae walirefusha nyuzi hizo kiwandani. Mtu akikwambia "nimefunga gasketi mara tatu kwenye Alphard" mwulize tu kama kuna aliyegusa nyuzi.

Prado na Surf za dizeli za 1KZ-TE, hedi zake zikipata moto zinapasuka katikati ya vali. Hapo usihangaike na gasketi, hedi yenyewe ipimwe presha. Subaru za 2.5, zile injini zilizolala, gasketi zinachuruzisha kwa nje chini kabisa ya hedi, unainama ndio unaona. Magari ya Kijerumani ya miaka ya karibuni ni plastiki, nyumba ya themostati na viungo vya maji vimetengenezwa kwa plastiki na vikizeeka vinapasuka, anzia huko. Na dizeli yoyote yenye kipoza cha EGR, kile kinachopooza moshi wa ekzosti unaorudishwa kwenye injini, usikisahau, kikitoboka ndani maji yanavutwa yanachomwa na injini na kila kipimo cha oili kinakuwa kizuri.

Ndani ya gari kunanuka utamu na kioo kinaweka ukungu, inahusiana?

Inahusiana sana. Ndani ya dashibodi kuna karejeta kadogo ka hita. Huku kwetu hita hatuitumii kwaiyo tunasahau kama ipo, ila maji yanaifikia kwenye gari nyingi hata usipoiwasha. Ikitoboka maji yanaingia chini ya kapeti. Bonyeza kapeti ya mbele upande wa abiria, ikilowa na vidole vikawa vinateleza, umempata mwizi wako.

Kulanti inaweza kuingia kwenye giaboksi?

Kwenye otomatiki nyingi ndio, mafuta ya gia yanapozwa na bomba lililopita ndani ya rejeta ileile. Likitoboka vinachanganyika, mafuta ya gia yanakuwa kama maziwa ya stroberi. Ukiyaona hivo usiendeshe hata kwenda gereji, kila kilometa inakula kalachi za giaboksi.

Nimemwaga kulanti juzi nikaweka mpya, sasa inashuka. Nimeharibu nini?

Labda hujaharibu kitu, hewa ilibaki ndani. Inatoka kidogo kidogo na maji yanashuka kuchukua nafasi yake, siku tatu nne za mwanzo ni kawaida kuongeza. Ukiwa unajaza paki pua ya gari ikitazama juu mlimani, hita weka moto wa mwisho, jaza taratibu, acha isailensi, yani izunguke bila kukanyaga mafuta, mpaka feni iwake mara mbili. Ikiendelea kushuka baada ya wiki, rudi juu kule kwenye mstari wa maka peni.

Mshale wa joto uko katikati siku zote, kwani kuna haraka?

Ule mshale unasoma joto la maji yanayoigusa sensa. Maji yakiisha sensa inabaki hewani, na hewa haimpi joto kama maji, mshale unaweza kukaa sawa au hata kushuka wakati hedi inapikwa. Nimepokea injini zilizokufa na mwenye gari anaapa mshale haukupanda, na hakuwa mwongo. Vitz na Passo nyingi hazina hata mshale, ni taa tu ya buluu na nyekundu, na nyekundu ikiwaka mara nyingi umeshachelewa.

Fundi ametoa themostati akasema tatizo limeisha.

Ameficha. Themostati ya Toyota hizi ndogo inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi mpaka 84, ikigoma kufunguka gari inachemsha na kumwaga maji, hiyo ni kweli. Dawa ni kuweka nyingine nzima. Bila themostati injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na kwenye baadhi ya injini njia ya mkato ya maji inabaki wazi kwaiyo mlimani inachemsha zaidi.

Niongezee maji gani?

Ya dharura ni yoyote safi. Ya kukaa ni kulanti, ukichanganya mwenyewe nusu kwa nusu tumia maji yaliyochujwa chumvi, yale wanayouza kama maji ya betri. Tafadhali sana soma chupa, maji ya betri na asidi ya betri vinakaa shelfu moja dukani. Maji ya visima vya Dar yana chumvi, yanakula aluminiamu na kujaza magamba kwenye rejeta, na nyingi zinazokuja zimetoboka zilikuwa zinanyweshwa hayo. Rangi isikudanganye pia, haimaanishi aina, na kuna chupa mtaani ambazo ni maji yaliyotiwa rangi tu. Ile ya pinki ya Toyota inauzwa ikiwa imeshachanganywa, usiizidishie maji.

Dawa ya kuziba, yai, binzari?

Nimeona vyote. Uko katikati ya pori la Sekenke usiku na rejeta imetoboka, weka hiyo binzari ufike, sitakucheka. Ila ukifika fungua usafishe, maana kinachoziba tundu kinaziba pia vile vinjia vyembamba vya rejeta na hita. Kwa hedi gasketi dawa za chupa zinanunua wiki chache, na wengine hata hizo hawazipati.

Imechemsha katikati ya mlima Kitonga, nifanyeje?

Zima AC, washa hita moto wa mwisho na feni ya ndani yote, utaungua wewe ila inapunguza, tafuta pa kupaki pembeni salama uzime. Usiguse mfuniko. Presha ikiachiliwa ghafla maji yanachemka na kutoa mvuke kwa mpigo na yanatoka usoni kwako, nina mwenzangu ana kovu shingoni mpaka leo. Kaa saa nzima. Kisha fungua kwa kitambaa nene robo mzunguko, sikiliza, ikitulia malizia. Usimwage maji baridi ghafla kwenye injini ya moto, hedi inapasuka, weka kidogo kidogo huku injini ikizunguka taratibu.

Fundi wangu anachovya kidole anaonja kama ni kulanti au maji. Ni sawa?

Wazee wengi ndivyo walivyofundishwa, ni tamu kweli ndio maana wanaitambua. Ila nyingi zimetengenezwa na ethilini glikoli, ambayo ni sumu inayoua figo, na utamu wake ndio unaovuta watoto na mbwa kuilamba. Ikimwagika uani mwagia maji mengi na mchanga, ile uliyoimwaga kwenye ndoo ifunike. Huyo fundi mpe kitambaa cheupe, achovye, aangalie rangi.